James White na Sauti ya Sinai

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 18, Kutoka 3:1-15, Mika 5:2, Yohana 5:39-47, Yohana 8:48-59, 1 Wakorintho 10:1-4, Wafilipi 2:5-11.

Fungu la Kukariri: Waebrania 13:8. Kila mwana darasa alikariri kutoka katika Biblia yake.

Katika kiangazi cha mwaka 1852 gari dogo la kuvutwa na farasi lilisafiri kutoka Rochester, jimbo la New York, kwenda Bangor, jimbo la Maine, nchini Marekani. Ndani yake walikuwamo James White, mkewe Ellen, na mtoto wao mdogo aliyekuwa ametoka kuugua. Adhuhuri walisimama kando ya njia ili farasi apate majani. Baada ya kula chakula, James alichukua kalamu na karatasi. Hakuwa na meza. Aliandikia juu ya kifuniko cha sanduku la chakula, na wakati mwingine juu ya kofia yake. Alichokuwa akikiandika ni masomo ya Biblia kwa ajili ya watoto na vijana, masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato ya Waadventista. Kila lesoni inayofunguliwa leo Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe ina asili yake katika kofia ile.

Lakini si washiriki wengi wanaojua kwamba mwaka huohuo mtu huyu hakuamini juu ya Yesu kama Kanisa linavyoamini leo. Kwake Yesu alikuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi, lakini hakukubali kwamba ni Mungu wa milele, aliye mmoja na Mungu wa Ibrahimu na Musa.

Swali hilo halijafa. Katika vijiji vya Uha linatoka katika vinywa vingi. Jirani anayetunza Jumapili husema kwamba Sabato ni amri ya Mungu wa Musa, na Mkristo ana Yesu. Kijana aliyesoma vita vya Yoshua huuliza inawezekanaje huyo awe ndiye aliyewabariki watoto wadogo. Jirani Mwislamu humheshimu Ibrahimu na humheshimu Isa, lakini hakubali kwamba Isa ndiye Mungu ambaye Ibrahimu alimsujudia. Na ndani ya Kanisa lenyewe anaweza kutokea mtu mwenye maandishi ya waanzilishi, akaonyesha kwamba James White aliupinga Utatu, akasema kwamba Kanisa limeiacha njia ya baba zake. Juma hili tunafuata maisha ya mtu huyo, ili kuona alianzia wapi, alifika wapi, na ni nini kilichomsogeza.

JUMAPILI

Mtoto Asiyeweza Kusoma

James White alizaliwa tarehe 4 Agosti 1821 huko Palmyra, jimbo la Maine. Alikuwa wa tano kati ya watoto tisa wa mkulima John White na mkewe Betsey. Kabla ya kutimiza miaka mitatu aliugua homa kali. Alipopona, macho yake yalikuwa na makengeza, na kila alipojaribu kusoma herufi zilichanganyika mbele yake. Wenzake walikwenda shule, yeye alibaki na kazi za shamba.

Alipokuwa kijana macho yake yalitengemaa. Akiwa na umri wa miaka 19 alijiandikisha katika shule ya St. Albans, akakaa pamoja na wanaoanza. Watu walimshauri arudi kulima, kwa kuwa umri ulikuwa umekwenda. Hakurudi. Alisoma mpaka saa 18 kwa siku, na baada ya majuma 12 alipewa cheti cha kufundisha shule za kawaida. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao ili apate ada, akasoma majuma mengine 17. Hayo majuma 29 ndiyo masomo yote aliyoyapata darasani tangu macho yake yalipopona.

Alibatizwa akiwa na miaka 15 katika kundi lililoitwa Christian Connexion. Watu hao walikuwa na kanuni moja kuu: kanuni ya imani ni Biblia peke yake. Kila fundisho ambalo hawakuliona wazi katika Maandiko walilikataa, hata kama makanisa yote yalilifundisha. Miongoni mwa waliyoyakataa lilikuwamo fundisho la Utatu. Walikuwa na sababu mbili. Kwanza, neno lenyewe halimo katika Biblia. Pili, walivyolielewa, fundisho hilo liliwafanya Baba na Mwana kuwa nafsi moja ileile. Kama ndivyo, waliuliza, Yesu aliomba kwa nani Gethsemane? Na aliyekufa msalabani alikuwa nani?

Joseph Bates, nahodha wa meli aliyekuja kuwa mwenzake James katika kuanzisha kazi ya Waadventista, naye alitoka katika kundi hilohilo. Hivyo waanzilishi hawa hawakuingia katika ujumbe wa marejeo mikono mitupu. Waliingia na mzigo waliorithi, na ndani ya mzigo huo vilikuwamo vitu viwili pamoja: heshima kuu kwa Biblia, na hofu ya kumwita Yesu Mungu wa milele.

Soma Matendo 17:10, 11. Waberoya walisifiwa kwa sababu gani? Ni kwa namna gani kanuni njema ya kuifuata Biblia peke yake inaweza kumsahihisha hata yule aliyeanza na ufahamu pungufu?

JUMATATU

Farasi wa Baba na Fyekeo la Majani

Mama yake ndiye aliyemfungulia mahubiri ya William Miller juu ya kurudi kwa Kristo. James alikuwa na mipango yake ya elimu, na mwanzoni hakupenda kusikia. Lakini alisadikishwa, akaanza kwenda kuhubiri. Katika majira ya baridi ya 1842 hadi 1843 alitoka na farasi aliyeazimwa na baba yake, nguo nyepesi na chati za unabii. Wahuni walimtupia mabonge ya theluji, na mahali pamoja walimtupia msumari mkubwa, ambao aliutoa mfukoni akauonyesha mkutano alipokuwa akihubiri. Majira hayo watu zaidi ya 1,000 walimgeukia Mungu. Mwaka 1843 aliwekewa mikono kuwa mchungaji.

Tarehe 22 Oktoba 1844 ilipita na Bwana hakuja. James, kijana wa miaka 23, alitoka mahali pa mkutano akalia kama mtoto.

Baada ya siku hiyo baadhi ya waumini walianza kufundisha kwamba Yesu alikuwa amekwisha kuja, lakini kiroho, ndani ya mioyo yao. Walimgeuza Mwokozi kuwa wazo tu. James aliandika mwaka 1846 kuwapinga. Kwake Yesu alikuwa mtu halisi, aliyepaa na mwili na atakayerudi aonekane. Katika maandishi hayo aliilaumu pia kanuni ya zamani ya Utatu, akiona kwamba ndiyo iliyofungua mlango wa kumwondoa Mwana aliye hai. Hapa pana jambo la kukumbukwa na kila anayeyasoma maneno yake ya wakati ule. Hakuyaandika kwa kumdharau Yesu. Alikuwa akilinda kile alichokiona kuwa uhai wa tumaini lake.

Tarehe 30 Agosti 1846 alifunga ndoa na Ellen Harmon. Majira yaliyofuata waliisoma Sabato katika kijitabu cha Joseph Bates, wakaanza kuitunza. Umaskini wao ulikuwa mkubwa. Wakiishi katika nyumba ya ndugu mmoja huko Topsham, James alibeba mawe katika ujenzi wa reli, kisha akakata kuni msituni kwa senti 50 kwa siku. Katika kiangazi cha 1848 yeye na wenzake wawili walifyeka kwa mikono majani ya ekari 100, kwa senti 87 na nusu kwa ekari, ili apate nauli ya kwenda kwenye mikutano ya Sabato. Watu wa Kasulu na Kibondo wanaokwenda vibarua katika mashamba ya wengine ili wapate mchango wa makambi wataielewa kazi hiyo bila maelezo.

Julai 1849 alitoa toleo la kwanza la gazeti la The Present Truth. Alitembea maili 8, yaani karibu kilometa 13, kutoka Rocky Hill hadi kwa mpiga chapa huko Middletown, na maili 8 kurudi. Nakala 1,000 zilipofika, wachache waliokuwapo walipiga magoti kuzizunguka na kuomba kwa machozi.

Soma 1 Wathesalonike 4:13-18. Kwa nini tumaini la marejeo linahitaji Yesu aliye hai na halisi?

JUMANNE

Ukuta Kati ya Baba na Mwana

Mwaka 1852 James na Ellen walihamia Rochester na kununua mashine yao ya kuchapa. Nyumba ilikuwa ya kupanga, viti vilikuwa vya kuokoteza na kukarabatiwa, na maharage yalirudi mezani siku baada ya siku. Agosti mwaka huo lilizaliwa gazeti la vijana, The Youth's Instructor, lililobeba masomo yaliyoandikwa njiani. Na Agosti hiyohiyo, katika gazeti la Review and Herald, James aliandika maneno ambayo hata leo yanatajwa na wanaoupinga Utatu.

Kwa nini aliyaandika? Wapinzani wa Sabato walikuwa na hoja moja waliyoirudia kila mahali. Walisema kwamba amri kumi zilitolewa na Mungu kwa Wayahudi, na kwamba Yesu alikuja na amri zake mpya, ambazo ndizo amri za Mkristo. Kwa kuwa Yesu hakurudia amri ya Sabato, Sabato imekwisha. James alijibu kutoka Ufunuo 14:12. Hapo panatajwa mambo mawili: amri za Mungu na imani ya Yesu. Amri ni za Baba, alisema, na imani ni ya Mwana, wala mambo hayo mawili yasichanganywe. Kuyafanya maneno ya Mwana kuwa ndiyo amri za Baba, kwa maoni yake, lilikuwa kosa kubwa sawa na fundisho la Utatu linalomfanya Yesu kuwa Mungu wa milele mwenyewe.

Hoja hiyo ilionekana kuilinda Sabato. Lakini ilijenga ukuta. Upande mmoja ilimweka Baba na Sinai na sheria, upande wa pili ikamweka Yesu na neema na msalaba. Tazama ajabu iliyopo: mpinzani wa Sabato na mtetezi wa Sabato walisimama juu ya msingi mmoja. Wote wawili walikubali kwamba sauti ya Sinai haikuwa sauti ya Yesu. Walitofautiana tu juu ya sauti ipi itiiwe.

Ukuta wa namna hiyo una hatari ambayo Kanisa la kwanza liliiona mapema. Marcion, mtu wa Ponto aliyekuwa tajiri wa meli, alikwenda Rumi akafundisha kwamba Mungu wa Maandiko ya Kiebrania ni mwingine, hakimu mkali, na kwamba Baba wa Yesu ni Mungu mwema asiyejulikana hapo kwanza. Aliyakataa maandiko yote ya Agano la Kale, akabaki na Injili ya Luka aliyoikatakata na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Rumi lilimtenga karibu na mwaka 144. James White hakufika huko hata kidogo, kwa maana aliipenda Biblia nzima. Lakini anayemweka Yesu mbali na Sinai ameikaribia njia hiyo, hata kama hajaijua.

Soma Yohana 5:39-47. Ni nani ambaye Musa aliandika habari zake? Anayemkataa Musa kwa jina la Yesu hukutana na shida gani katika mafungu haya?

JUMATANO

Aliyetembea Pamoja na Israeli

Hakuna siku moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo siku James White alipobadilika. Mabadiliko yake yalikuja kama maji yanayopanda kisimani wakati wa masika, polepole na kutoka chini. Miaka ilimpitisha katika mengi. Mwaka 1860 alimzika mtoto mchanga wa miezi mitatu, na mwaka 1863 mzaliwa wake wa kwanza, Henry, mwenye miaka 16. Agosti 1865 alipata kiharusi, akaanguka akiwa na miaka 44. Alipona kwa taabu, akarudi katika uongozi, na kwa vipindi vitatu alikuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu. Katika nyumba yake mkewe alikuwa akiandika historia ya ukombozi, na kitabu kilichotoka mwaka 1870 kilimwonyesha Kristo akiwaongoza wana wa Israeli.

Katika maandishi yake ya miaka hiyo ya 1870 James alifundisha kwamba yule aliyewatoa Waebrania Misri na kuwaongoza jangwani, anayeitwa malaika katika kitabu cha Kutoka, ni Kristo. Stefano anasema katika Matendo 7:38 kwamba malaika huyo ndiye aliyesema na Musa katika mlima Sinai. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 10:4 kwamba mwamba uliowafuata ulikuwa Kristo. Hata kijitabu kizima alikitoa juu ya Kristo katika Agano la Kale. Mtu aliyekuwa amejenga ukuta alikuwa akiubomoa jiwe kwa jiwe, na nyundo yake ilikuwa ileile kanuni ya utoto wake, Biblia peke yake.

Mwaka 1876, akiwalinganisha Waadventista na Wabaptisti wa Siku ya Saba walioamini Utatu, aliandika kwamba juu ya uungu wa Kristo pande hizi mbili zilikuwa zimekaribiana mno kiasi cha kutokuwa na sababu ya kugombana. Mwaka 1877 aliandika makala yenye kichwa kilichotangaza kwamba Kristo ni sawa na Mungu. Bado hakuipenda kanuni ya Utatu kama ilivyoelezwa na makanisa mengine. Lakini alisema kwamba kumfanya Kristo kuwa chini ya Baba ni kosa baya kuliko hilo.

Biblia ya Kiswahili inamsaidia msomaji kuiona njia hii. Katika Agano la Kale jina la Mungu wa Israeli limeandikwa BWANA, kwa herufi kubwa. Isaya 40:3 inatangaza njia ya BWANA, na Marko 1:3 inaitumia kwa ujio wa Yesu. Yoeli 2:32 inaahidi wokovu kwa anayeliitia jina la BWANA, na Warumi 10:13 inalielekeza neno hilo kwa Bwana Yesu. Isaya alimwona BWANA wa majeshi katika hekalu, na Yohana 12:41 inasema kwamba utukufu alioutazama ulikuwa wa Yesu.

Waha humwita Mungu Imana, kama majirani zao Warundi. Miongoni mwa watu hao kuna jina Habimana, maana yake Mungu yupo. Jina hilo linasogea karibu na jina ambalo Musa alipewa kwenye kijiti kilichowaka moto, katika Kutoka 3:14. Naye Yesu alipojitambulisha kwa maneno hayohayo mbele ya Wayahudi katika Yohana 8:58, walielewa vizuri sana alichodai, ndiyo maana wakaokota mawe.

Soma Kutoka 3:1-15 na Yohana 8:48-59. Kwa nini wasikilizaji wa Yesu walitaka kumpiga kwa mawe?

ALHAMISI

Sabato ya Mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 1881 James White alikuwa amechoka. Alikuwa amejenga nyumba za uchapaji Battle Creek na Oakland, amesimamia shule na hospitali, na amebishana na watu wengi. Alikuwa mkali, na mara nyingine ukali wake uliwaumiza wenzake; yeye mwenyewe aliliona hilo. Katika miezi yake ya mwisho alisema kwamba alitamani kuhubiri jambo moja kwa nguvu zaidi: ukombozi kwa njia ya Kristo. Waliomsikia waliona badiliko. Yule aliyetumia miaka mingi kutetea sheria sasa alisema zaidi juu ya Yeye aliyeitoa.

Mwanzoni mwa Agosti alishikwa na homa, iliyotajwa kuwa ya malaria, ugonjwa ambao watu wa mabonde ya Malagarasi wanaujua vizuri. Alipelekwa katika hospitali ya Battle Creek chini ya uangalizi wa Dk. John Harvey Kellogg. Alasiri ya Sabato, tarehe 6 Agosti 1881, alilala mauti, siku mbili baada ya kutimiza miaka 60. Mazishi yalifanyika Sabato iliyofuata. Ellen, akiwa mgonjwa, alisimama karibu na jeneza akasema kwa muda wa dakika kama kumi juu ya tumaini la ufufuo.

Je, James White alikufa akiamini fundisho la Utatu kama linavyoelezwa na Kanisa leo? Hapana. Ukweli lazima usemwe, kwa kuwa Mungu hahitaji kutetewa kwa historia iliyopambwa. Alikufa akiwa njiani. Lakini mwelekeo wa njia yake haufichiki: kila hatua ilimpeleka kumtukuza Kristo zaidi.

Wengine waliiendeleza safari. Mwaka 1888 huko Minneapolis, E. J. Waggoner na A. T. Jones walihubiri haki ya Kristo, na mwaka 1890 Waggoner alitoa kitabu kilichoweka msingi wa haki hiyo katika uungu wa Kristo. Mwaka 1898 kilitoka kitabu cha Ellen White kinachojulikana kwa Kiswahili kama Tumaini la Vizazi Vyote. Ndani yake alieleza kwamba uzima ulio ndani ya Kristo ni wake mwenyewe, haukuazimwa kwa mwingine, na kwamba Kristo ndiye aliyesema na Musa kutoka kijitini na kutoa sheria Sinai. Wachungaji wengi walishtuka, wakarudi kuyachunguza Maandiko. Mwaka 1931 maelezo ya imani ya Kanisa yaliutaja Utatu waziwazi, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Soma Mithali 4:18 na Yohana 16:12, 13. Kuna tofauti gani kati ya kuiacha kweli na kuzidi kuielewa kweli?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Mchukue mshiriki wa Kibondo anayepalilia mihogo na jirani yake. Jirani anamwambia kwamba Sabato ni ya Mungu wa Musa na kwamba yeye amemchagua Yesu. Mshiriki huyo anaweza kujibu kama James White alivyojibu mwaka 1852, akisema kwamba amri za Baba bado zinadumu. Atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa amemwachia jirani yake Yesu, akabaki na mlima unaotoa moshi. Au anaweza kujibu kama James alivyojifunza baadaye. Aliyeinena amri ya nne ndiye aliyepigiliwa misumari. Aliyepumzika siku ya saba baada ya kuumba ulimwengu ndiye aliyepumzika kaburini siku hiyohiyo baada ya kuukomboa. Yeye ndiye Bwana wa Sabato, kama anavyosema mwenyewe katika Marko 2:28. Jibu hilo halimsukumi jirani mbali na Yesu. Linamwonyesha Yesu mahali ambapo hakuwa amemwona.

Mchukue kijana wa Kasulu anayeogopeshwa na hukumu za Agano la Kale. Asiambiwe kwamba huyo ni Mungu mwingine. Asome Mwanzo 18, amwone BWANA akiketi kivulini kwa Ibrahimu na kula chakula chake, akikubali kusihiwa kwa ajili ya Sodoma kuanzia watu 50 hadi 10. Kisha asome Luka 19:41-44, amwone Yesu akiulilia Yerusalemu huku akiutangazia maangamizi. Machozi na hukumu vimo katika maagano yote mawili, kwa kuwa moyo ni mmoja.

Na akija mtu mwenye maandishi ya 1852, asifukuzwe wala asidhihakiwe. Maneno hayo yaliandikwa kweli. Aombwe tu asome mpaka 1881. Anayesimama mahali James White alipoanzia, na kudai kwamba ndiko kumfuata James White, amemwacha mzee huyo aendelee na safari peke yake.

Umoja wa Baba na Mwana hauondoi nafsi zao. Hofu ya James ya ujanani ilikuwa na sehemu ya kweli: Yesu aliomba kwa Baba, Baba alimtuma Mwana, na aliyekufa msalabani ni Mwana. Biblia inafundisha Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wala si nafsi moja yenye majina matatu. Ndani ya umoja huo ndimo lilimo tumaini la mwenye dhambi. Kama Yesu si Mungu wa Ibrahimu, basi Mungu alimtuma mwingine ateseke, na yeye mwenyewe akabaki mbali. Lakini kama aliyeitwa MIMI NIKO ndiye aliyetundikwa Kalvari, basi Mtoa Sheria mwenyewe amelipa deni la mvunja sheria.

Maswali ya Kujadili:

1. James White alishikilia kanuni ya Biblia peke yake maisha yake yote, lakini ufahamu wake juu ya Kristo ulibadilika. Hilo linafundisha nini juu ya namna ya kuwavumilia waumini ambao bado wanajifunza?

2. Jadilini namna Sabato inavyofundishwa katika kanisa lenu. Je, mgeni anayesikiliza angejua kwamba ni siku ya Yesu? Ni kitu gani kibadilishwe katika mafundisho ya efoti inayokuja?

3. Someni Waebrania 1:8-12 pamoja na Zaburi 102:25-27. Mwandishi wa Waebrania anamtumia nani maneno ya Zaburi hiyo, na kwa nini hilo ni zito?

4. Ni kwa namna gani mnaweza kuzungumza na jirani Mwislamu juu ya Ibrahimu na Yesu kwa heshima, bila kuficha imani na bila ugomvi?

5. Mtu akikuuliza kama Mungu wa Agano la Kale anakupenda, utamfungulia fungu gani la kwanza?